Kitabu cha Kurasa 9109

Mwanamke aliyeletwa kwenye chumba cha mahojiano cha kituo cha polisi Kilosa saa mbili asubuhi ile alikuwa na umri wa miaka sitini na saba, kitenge kipya, na kiburi ambacho angeweza kuwagawia wote waliokuwemo na bado akabaki na akiba. Aliketi bila kuambiwa keti. Aliitazama kompyuta kuukuu iliyowekwa mezani, akaisogeza isikae ukingoni, kisha akaifuta vumbi kwa ncha ya kitenge kana kwamba aliyekamatwa ni hiyo kompyuta na yeye amekuja kuitembelea.

“Shikamoo, mama,” alisema Inspekta Verdiana Mbena.

Fausta Masingisa alinyanyua uso. “Marahaba.” Akamkagua kuanzia kofia mpaka viatu. “Wewe ndiye wa kwanza. Wenzako waliotangulia walianza na jina kamili na kabila.”

Koplo Mudathir, aliyekuwa amejipenyeza chini ya meza akihangaika na waya wa umeme, alikohoa. Alikuwa mmoja wa hao wenzake.

“Shikamoo, mama,” alisema kutoka huko huko chini.

“Marahaba, mwanangu. Umechelewa siku tatu, lakini nimepokea.”

Verdiana alifungua jalada. Alikabidhiwa jana jioni, na tangu alisome mara ya kwanza hakulipenda. Lilikuwa jembamba na lilijiamini kupita kiasi. Herman Lugome, mfanyabiashara wa Mikumi, alilalamika kwamba mama huyu ameghushi orodha ya viwanja vya kitongoji cha Ngwasi, upande wa Masanze, ili kiwanja namba 214 kionekane ni cha Resiato, mjane wa mfugaji Nalangu Lekishon. Daftari la karatasi lililoandikwa viwanja hivyo lilisombwa na mafuriko zamani. Kilichobaki ni kompyuta hii, iliyokuwa mali ya kituo cha mafunzo kule Mamboya ambako Fausta alikuwa karani, na ambayo kituo kilipofungwa aliachiwa yeye.

Mtaalamu aliyeletwa kutoka mjini Morogoro aliiangalia nusu saa, akaandika mistari miwili. Kwanza, kumbukumbu ya kiwanja 214 ina tarehe 1 Januari 1980, wakati kompyuta yenyewe iliingia nchini mwaka 1987. Pili, mbele ya kiwanja hicho pameandikwa Kimepotea. Kwa hiyo tarehe ni ya uongo, na hata huo uongo wenyewe haumpi mjane kiwanja. Herman alikuwa ameongeza kwa mkono wake kwamba Nalangu aliazimwa tu, baadaye akafutwa. Nyuma ya barua yake alibana nakala ya hati ya kiwanja chake jirani, namba 198, kuthibitisha kwamba yeye ni mtu wa pale na anajua anachosema.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumatatu baraza la ardhi lingekaa. Kama Fausta angeshtakiwa leo kwa kughushi, orodha yake ingekufa, na Resiato angetolewa kwenye ardhi aliyomzika mumewe. Mkuu wa upelelezi, Afande Bonifas, alitaka jalada mezani kwake saa tisa alasiri, likiwa na jibu moja tu: anashtakiwa, au anaachiwa asiendelee kupoteza muda wa serikali.

“Mama, naomba unieleze mfumo huu ulivyokuwa ukifanya kazi.”

“Sielezi.”

“Utashtakiwa.”

“Nitashtakiwa nikiwa nimekaa hivi hivi.” Fausta alikunja mikono. “Nimeeleza mara tatu. Ya kwanza walicheka. Ya pili waliandika visivyo. Ya tatu hawakuandika kabisa. Nikieleza tena mtasema bibi katunga. Mashine ile pale. Iwashe, uangalie kwa macho yako. Ukiwa na swali la ndiyo au siyo, nitakujibu.”

Mudathir aliibuka toka chini ya meza na kumtazama mkubwa wake, akingoja ngurumo. Verdiana hakunguruma. Moyoni alifurahi, na hakujisumbua kulificha hilo. Watu wanaoghushi huwa na maelezo mengi. Humwagia mpelelezi maelezo kama wali wa harusi. Huyu alikuwa anamnyima hata punje.

“Kielelezo hakiguswi,” alisema. “Tutafanya nakala ya flopi, tufanyie kazi nakala. Mudathir, andika saa.”

Flopi, zile diski bapa za kuhifadhia kumbukumbu, zilikuwa ndani ya kopo la maziwa ya unga, zimefukiwa kwenye mchele. Kwenye orodha ya vielelezo Mudathir alikuwa ameandika kwa uaminifu wote: kopo moja, mchele takriban nusu kilo, mkavu.

“Mchele ni wa kunyonya unyevu?” Verdiana aliuliza.

“Ndiyo.”

“Miaka yote hii?”

“Ndiyo. Nabadilisha kila baada ya masika.”

Kompyuta ilikoroma, ikapiga mluzi mmoja, ikaleta maandishi ya kijani. Pembeni mwa skrini palibandikwa kipande cha boksi chenye tafsiri ya kila neno la Kiingereza, kwa mwandiko wa duara wa shule za misheni. Jina la kitabu. Mwandishi. Kurasa. Tarehe ya kuingizwa. Hali.

“Hii ni programu ya maktaba,” alisema Verdiana.

“Ndiyo.”

“Kituo chenu kilikuwa na vitabu vingapi?”

“Hilo si la ndiyo wala siyo.” Fausta alisita, kisha uchungu wa zamani ukamshinda nguvu. “Kumi na tisa. Vinne ni Biblia. Tuliahidiwa kontena zima la vitabu. Havikuja. Ikaja kompyuta ya kuvihesabu.”

“Na viwanja vya Ngwasi vikaja kwenu viandikwe, na mashine haikuwa na programu nyingine.”

“Ndiyo.”

Verdiana aliomba kiwanja 214. Mudathir alibonyeza kwa kidole kimoja, kwa tahadhari ya mtu anayeonja uji wa moto.

Jina la kitabu: Ngwasi 214. Mwandishi: Nalangu Lekishon. Kurasa: 9109. Tarehe ya kuingizwa: 1 Januari 1980. Hali: Kimepotea.

“Kitabu kinene hicho,” alisema Mudathir. “Hata Biblia ya pale mimbarani haifiki huko.”

Utani, lakini ulimgota Verdiana mahali pake. Alichukua karatasi na penseli, akamwambia Mudathir aanze kumbukumbu ya kwanza kabisa, apandishe moja moja. Kazi hiyo ilichukua saa nzima na nusu. Fausta alisinzia kidogo, au alijifanya. Nje treni ya umeme ilipita kuelekea Dodoma.

Kumbukumbu za mwanzo zilikuwa na tarehe za kawaida: 1987, 1988, 1989. Kwenye kurasa pameandikwa sifuri. Ya mwisho yenye tarehe ya kawaida ilikuwa ya 28 Desemba 1989. Iliyofuata, na zote zilizofuata hiyo, mia moja arobaini na tatu, ziliandikwa 1 Januari 1980. Na hapo hapo ndipo vitabu vilipoanza kunenepa. Kurasa 9001. 9001. 9002. 9004. Zilipanda bila kurudi nyuma hata mara moja mpaka 9311.

“Mudathir, nitafutie chochote kinachoishia na kumi na tatu. Au ishirini. Au tisini.”

Mudathir alipitia karatasi kwa kidole. “Hakuna, afande. Vinaishia sifuri moja mpaka kumi na mbili. Basi.”

“Mwaka una miezi mingapi?”

 Fausta hakuwa amesinzia; jicho moja lilikuwa wazi.

“Tisini na moja, mwezi wa tisa,” alisema Verdiana. “Mama, kurasa ndiyo tarehe.”

“Ndiyo.”

“Basi kwa nini pale penye tarehe hukuweka tarehe?”

“Si la ndiyo wala siyo.”

Verdiana alicheka. Alimwagiza Mudathir aonyeshe mafaili yote yaliyokuwa kwenye ile flopi, siyo programu peke yake. Yalikuwa machache. Moja lilikuwa dogo kuliko mengine yote, limeitwa FAUSTA. Lilipofunguliwa lilikuwa na mistari sita tu. Mudathir, ambaye aliwahi kusomea kompyuta miezi mitatu na hakuacha watu wasahau, aliusoma wa pili na wa tatu kwa sauti: mashine ikiwashwa, iambiwe kwamba leo ni tarehe mosi Januari 1980, ndipo programu ya maktaba ifunguliwe.

“Kwa hiyo tarehe haikughushiwa,” alisema polepole. “Iliamriwa.”

“Sasa iruke hiyo mistari. Fungua programu yenyewe kavu kavu.”

Programu ilifunguka na kuuliza tarehe. Mudathir aliandika ya leo. Mashine ikajibu kwamba tarehe si sahihi, ikajifunga. Akajaribu 1991. Si sahihi. 1990. Si sahihi. 31 Desemba 1989, ikafunguka kwa unyenyekevu kabisa.

 Verdiana aligeuka. “Mama Fausta. Januari mwaka tisini mashine hii iligoma?”

“Ndiyo!” Fausta alipiga meza kwa kiganja, na nadhiri yake ya kunyamaza ikavunjikia hapo hapo. “Aliyeitunga huko kwao alitenga nafasi ya tarakimu moja tu ya mwisho wa mwaka, muongo wa themanini akaujaza mwenyewe. Nimekuja kazini tarehe mbili Januari, nina mtoto mgongoni, nje kuna watu hamsini wanangoja kuandikiwa viwanja, mashine inaniambia mwaka huo haupo. Haupo! Nami nimesimama ndani yake! Mkuu wa kituo akasema tuifungie stoo tungoje wafadhili. Nikamwambia ningoje nani? Nikakaa wiki mbili na kile kitabu cha maelekezo, na kamusi. Nikaandika mistari sita. Ikitaka kuambiwa ni themanini, iambiwe ni themanini, iridhike, ifungue mlango. Mwaka na mwezi wa kweli nikaviweka kwenye kurasa, maana pale waliruhusu tarakimu nne.”

“Nani alikufundisha?”

“Shida,” alisema Fausta.

Mudathir aliitazama ile mistari sita kwa heshima ambayo mtaalamu wa Morogoro hakupewa. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na yule bwana alikaa nusu saa bila hata kuvua koti.

Hoja ya kwanza ya jalada ilikuwa imeanguka. Ya pili ilikuwa bado imesimama, tena ndiyo yenye meno. Tarehe iwe ya kweli sana. Kiwanja kilichopotea ni cha nani? Saa ya ukutani ilisema nne na robo.

“Na hili neno, Kimepotea?”

Fausta alikunja tena mikono. “Hilo nalo litafute. Umeanza vizuri.”

Kulikuwa na hali tatu tu ambazo programu iliziruhusu. Kipo. Kimeazimwa. Kimepotea. Verdiana alimwambia Mudathir aite kiwanja chenye Kimeazimwa. Kilikuja kiwanja 61, bustani ya nyanya ya msimu mmoja ya mwaka 1988. Mashine ilionyesha siku zilizopita na kuuliza: kimerudishwa? Wakaiweka tarehe ya nakala siku tisini na tisa baada ya kuazimwa. Kimya. Siku mia moja. Mashine ikalia, ikaandika kwamba mwazimaji amechelewa, na ukurasa wa mtu yule ukakataa kufunguka kwa lolote.

“Ita 40. Hicho kimeandikwa Kimepotea mwaka huo huo.”

Waliita. Hakukuwa na hesabu ya siku. Walisogeza siku mia, mia tatu, mwaka mzima. Mashine haikulia. Hakukuwa na swali la kurudishwa. Hata kitufe cha kurudishia hakikufanya kitu.

Verdiana aliweka penseli chini. “Kitabu kilichoazimwa, mashine inakidai. Kitabu kilichopotea haikidai tena.”

“Ndiyo,” alisema Fausta, na sasa sauti ilikuwa imelegea kidogo. “Siku tisini na tisa. Mtu kapewa ardhi ajenge, alime, azike wake, halafu mashine imlilie baada ya miezi mitatu kama mwizi? Nilitafuta kwenye programu nzima neno moja ambalo halitamdai mtu mpaka kiama. Lilikuwa hilo hilo tu. Nikalichukua.”

Verdiana alimwamini. Lakini kumwamini mtu hakubanwi kwenye jalada kwa pini. Afande Bonifas angesema majaribio ya mashine yanaonyesha mashine inavyofanya, hayaonyeshi karani alivyokusudia. Alihitaji kusikia maana ya neno lile kutoka kinywa kisichompenda Fausta.

Aliomba orodha ya vyote vilivyoandikwa Kimepotea. Mudathir aliipiga picha kutoka kwenye skrini na kukimbilia stationari ya ng’ambo ya barabara kuichapisha. Vilikuwa sitini na kimoja. Verdiana alishusha kidole taratibu mpaka kikasimama kwenye mstari mmoja. Alilinganisha na karatasi ya mwisho ya jalada. Kisha akampelekea Fausta orodha ile, kidole kikiwa bado pale pale.

“Mama, huu mstari unaujua?”

Fausta alivaa miwani, akasoma, akavua miwani.

“Ndiyo.”

“Na hukuwaambia.”

“Siyo la kuwaambia.”

Verdiana alikunja orodha akaitia mfukoni.

*

Walifika Ngwasi saa tano na nusu, gari likiwa jekundu kwa vumbi. Kituo cha kwanza kilikuwa zahanati. Kwenye orodha ilikuwa kiwanja 226, kurasa 9206, hali Kimepotea. Kwenye jiwe la msingi, chini ya rangi iliyobanduka, palisomeka Agosti 1992: miezi miwili baada ya kutolewa. Zahanati hiyo iliyopotea ilikuwa na akina mama kumi na watano kwenye benchi na muuguzi mmoja aliyekuwa akigombana na mizani. Verdiana alilipiga picha jiwe na foleni pamoja.

Kiwanja 214 kilikuwa mwendo wa dakika kumi, penye kisima chenye mzingo wa saruji na ng’ombe wakingoja zamu zao. Mwanamume mrefu mwenye shuka na simu mbili alikuja kuwapokea. Ndiye Sempele, mtoto wa Resiato. Mama mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na kaburi lililojengewa mawe, wala hakuinuka.

“Shikamoo, mama,” alisema Verdiana, na Mudathir hakuchelewa safari hii.

“Marahaba.” Kisha Resiato aliongea maneno mengi kwa Kimaasai.

“Anauliza kama Mama Fausta amekula,” Sempele alitafsiri.

“Amekula. Mwambie amekula, na ametutukana wote.”

Resiato alipoambiwa alicheka mpaka akashika mbavu.

“Mlipewa hapa lini?” Verdiana aliuliza.

“Mimi sikuwepo, afande. Nilikuwepo nusu.” Sempele aliingia ndani akatoka na bahasha ya nailoni. Ndani yake kulikuwa na kadi ya kliniki iliyogeuka rangi ya chai, kutoka zahanati ya misheni. Amezaliwa 16 Novemba 1991. “Mama alihamia hapa akiwa na mimba ya miezi saba. Wiki ile ile ambayo baba alionyeshwa mipaka. Amenisimulia mpaka nimechoka.”

Novemba, ukitoa miezi miwili, Septemba.  Verdiana alimwachia Mudathir aandike.

Resiato aliongea tena, safari hii kwa Kiswahili chake kigumu, akimtazama Verdiana machoni. “Huyo Herman, amekuja mara mbili. Anasema hama, nitakupa pengine. Mimi nasema, sihami. Kaburi haina miguu.”

*

Nyumba ya wageni ya Herman Lugome ilikuwa kando ya barabara kuu, pale Mikumi ambapo madereva wa malori husimama kula kabla ya kuivuka hifadhi. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini, shati limepigwa pasi, sauti ya upole. Aliagiza soda kabla hawajaketi. Verdiana aliomba maji.

“Samahani kwa usumbufu, kaka Herman. Mkuu anataka jalada leo, na kuna jambo moja limebaki bila kueleweka. Ningeomba maelezo ya nyongeza.”

“Bila wasiwasi, dada. Mimi nataka haki tu.”

“Kwenye ile mashine, kiwanja 214 kimeandikwa Kimepotea. Kwa uelewa wako, maana yake nini?”

“Kimefutwa.” Hakufikiri hata kidogo. “Aliyepewa ameondolewa. Kiwanja hakina mwenyewe, kinarudi kijijini, na mwenye kukiomba anapewa. Mimi nimekiomba.”

“Hiyo ni kwa 214 peke yake, au kwa kila kiwanja chenye neno hilo?”

Mudathir aliacha kuandika. Lori lilipita, glasi zikatetemeka juu ya meza.

“Kwa kila kiwanja,” alisema Herman. “Hatuwezi kuwa na maana mbili kwa neno moja. Sheria ni msumeno, dada.”

“Ni msumeno,” alikubali Verdiana. “Andika hivyo hivyo, kwa mkono wako, halafu utie sahihi.”

Aliandika kwa mwandiko mzuri. Alitia sahihi yenye mikia miwili. Mudathir alisaini kama shahidi, akaandika saa: saba na dakika ishirini.

Ndipo Verdiana alipotoa orodha mfukoni, akaikunjua mezani na kuigeuza imwelekee mwenyeji wake. Kidole chake kilikuwa kwenye mstari uliopigwa penseli.

Jina la kitabu: Ngwasi 198. Mwandishi: Nikolaus Lugome. Kurasa: 9109. Hali: Kimepotea.

Herman aliusoma. Aliusoma tena, akisogeza midomo.

“Huyu ni baba,” alisema.

“Ndiye. Alipewa mwezi ule ule aliopewa Nalangu Lekishon. Walipanga foleni moja, huenda walisimama wamefuatana. Hati yako ya 198 imetolewa kwa cheti alichoandika Mama Fausta kutoka kwenye mashine hii hii. Imeandikwa kwenye nakala uliyoibana mwenyewe, iko jaladani. Na sasa umeandika na kutia sahihi kwamba kila kiwanja chenye neno hilo hakina mwenyewe.”

Msumeno ulikuwa umerudi, maana ndivyo misumeno inavyokata, kwenda na kurudi. Herman alinyoosha mkono kuelekea karatasi yake.

“Nipe niandike upya. Hii tuichane.”

Mudathir aliiweka karatasi chini ya kiganja chake kipana.

“Maelezo hayachanwi, kaka,” alisema Verdiana. “Ukitaka kuyabadilisha, unaandika mengine chini yake.”

“Ile ni nyumba ya baba yangu. Mama yangu bado anaishi pale!”

“Najua. Na kwa Resiato kuna nani?”

 Upole wote ulimtoka Herman, akabaki mwanamume tu mwenye jasho kwenye kola.  Verdiana alimsogezea kalamu.

“Mimi sijui lile neno lilikuwa na maana gani,” Herman alisema hatimaye.

“Unajua. Umekulia ndani yake. Baba yako alikwambiaje, aliazimwa au alipewa?”

“Alipewa.” Ilitoka kama mwiba. “Moja kwa moja.”

“Basi andika hivyo. Kwa viwanja vyote, siyo kwa 198 peke yake. Neno moja, maana moja. Ni wewe uliyesema.”

Herman aliandika mistari mitatu, mwandiko safari hii ukiwa umepinda. Kimepotea maana yake kimetolewa moja kwa moja na mwenyewe hadaiwi. Akatia sahihi. Mkia wa pili haukuwepo.

Saa nane kasorobo Verdiana alipiga picha kurasa zote mbili na kumtumia Afande Bonifas, pamoja na jiwe la zahanati, kadi ya kliniki na ile mistari sita. Walikuwa wamefika nusu ya njia simu ilipolia. Bonifas hakuwa mtu wa maneno mengi.

“Mwachie,” alisema, akakata.

*

Fausta alikuwa ameshaachiwa walipofika, lakini hakuwa ameondoka. Alikuwa kwenye benchi la mapokezi, pochi mapajani, na askari wa zamu alikuwa na sura ya mtu aliyeshindwa mabishano.

“Nimemwambia aende nyumbani, afande. Anasema haendi bila mashine.”

“Inatakiwa Jumatatu barazani, mama,” alisema Verdiana.

“Nami natakiwa Jumatatu barazani. Nani mwingine anajua kuiwasha? Huyu?” Alimnyooshea Mudathir kidevu. “Ataikaba roho.”

Verdiana aliketi kando yake na kumpa nakala ya maelezo ya Herman. Fausta alivaa miwani, akasoma ya juu, akasoma ya chini. Hakutabasamu.

“Mama, swali moja, na naomba usinijibu ndiyo wala siyo. Siku nne umekuwa mahabusu. Ungewaambia tu kwamba 198 nayo imo, wangekuachia siku ya kwanza. Kwa nini hukusema?”

Fausta alikunja karatasi mara mbili, akaipiga pasi kwa kidole gumba.

“Ningesema, siku ile ile mtu mwingine mwenye tamaa angekwenda kuomba 198. Ningekuwa nimemtoa mjane wa Nikolaus kwa mdomo wangu mwenyewe. Mimi niliitafutia ile mashine neno la kutomdai mtu, mwanangu. Kwa vyovyote mtakavyonifungia, nisingeligeuza liwe neno la kudai.” Alirudisha karatasi. “Wewe umelitumia, umeona njia ya kulitumia bila kumtoa mtu. Sawa. Mimi sikuwa na uhakika na wenzako.”

 Verdiana aliinuka, akamwita Mudathir alete daftari la vielelezo.

Kompyuta ilitolewa kwa dhamana, pamoja na flopi, kopo na mchele. Mudathir alijaza mstari kwa uangalifu: kimekabidhiwa kwa Fausta Masingisa, kirudishwe Jumatatu saa mbili. Alipofika safu ya mwisho alisita, kalamu hewani. Safu hiyo iliitwa Hali.

“Niandike nini hapa, afande?”

“Mwulize mwenyewe.”

Fausta alikuwa tayari ameikumbatia kompyuta kifuani, waya umezungushwa mkononi. Aliinama akalitazama lile daftari, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana kufurahi waziwazi.

“Leo andika Kimeazimwa,” alisema. “Jumatatu nitaileta mwenyewe, nitaiwasha mbele yao, na watasoma kila mstari. Baraza likishamaliza, ukate hilo neno, uandike Kimepotea. Sitaki kudaiwa tena.”